Shangazi Apolena Ahamia Kulia

Shangazi Apolena alipiga piano upande wa kushoto kwa miaka thelathini na mmoja, na sababu ilikuwa miguu.

Yeye na baba yangu, Kryštof, walianza utotoni, watu wawili kwenye piano moja. Anayekaa kushoto hupiga sauti nzito na kukanyaga kanyagio. Anayekaa kulia hupiga wimbo wenyewe, ule ambao watu huenda nao nyumbani wakiuimba. Shangazi alikuwa na miaka minane, baba sita. Babu akainama akachungulia chini ya piano: miguu ya shangazi inagusa sakafu, ya baba inaning'inia kama soseji buchani. Basi wewe kushoto, wewe kulia, na mambo yakaisha hapo.

Miguu ya baba ilikuja kufika chini. Hakuna aliyechungulia tena.

Wakazunguka jimbo letu lote la Moravia, hata vijiji ambako kuku walikuwa wakitagia ndani ya piano. Na kila mahali tangazo lilisema: KRYŠTOF VRBA, PAMOJA NA DADA YAKE. Jina la dada hakuna. Mzee mmoja wa Jihlava alimwamkia "Bibi Pamoja", naye akaitikia, maana angefanyaje?

Mwaka 1862, kabla ya Kwaresima, mji wetu wa Telč ulinunua piano mpya, wakaombwa waizindue. Tulikuwa mezani.

"Safari hii nakaa kulia," shangazi akasema.

Baba alikuwa na donge la unga uliochemshwa mdomoni. "Kulia kwa nani?"

"Kulia kwa piano, Kryštof. Na jina langu liandikwe."

"Na nani atakanyaga?"

"Wewe. Miguu inafika. Nimeiangalia."

Mama akacheka mpaka supu ikampalia.

"Dada yangu," baba akasema, "mimi sikatai. Hiyo bum-bum yako ya kushoto hata ng'ombe anaiweza. Ila watu watakosa wimbo."

"Vizuri. Mimi nikiharibu, tangazo libaki lilivyo hadi nife. Ukiharibu wewe, jina langu litangulie."

"Tumekubaliana."

Wiki nzima shangazi alifanya mazoezi. Baba alipeleka viatu kung'arishwa, kwa ajili ya kanyagio.

Siku yenyewe shangazi alivaa ile sketi yake ya pete za chuma, pana kama tenga la kuku. Ilijaza benchi, kulia kote na nusu ya kushoto. Baba akakalia tako moja. Mimi na mama tulikuwa safu ya pili, kwa hiyo tulisikia yote.

Ukurasa wa kwanza, bum-bum ilikwenda salama. Ukurasa wa pili ikaanza kukimbia, baba akabaki nyuma.

"Apolena," akanong'ona, "sketi yako imenimeza mguu."

"Piga."

"Tuko wapi?"

"Mimi niko ukurasa wa tatu. Wewe bado uko wa pili."

"Nisaidie basi!"

"Mwite yule ng'ombe."

Mikono ya baba ikasimama. Shangazi hakusimama. Mkono wa kulia ukabaki kwenye wimbo, wa kushoto ukapita juu ya mapaja ya baba ukaishika bum-bum, yote, kama mtu anayekoroga vyungu viwili.

"Mguu umenasa," baba akasema.

"Usiutoe. Bonyeza nikikugonga kwa kiwiko."

Akagongwa kwa kiwiko, akabonyeza. Akagongwa, akabonyeza. Mikono magotini, jasho puani.

Nyuma yetu bwana Zahálka, mwenye kiwanda cha bia, alimuuliza mkewe, "Huyo bwana pale anafanya nini?"

"Nadhani ni fundi wa piano."

Watu walishangilia kwa kupiga miguu sakafuni. Shangazi akasimama, akaenda mbele kuinama. Baba akamfuata akirukaruka kwa mguu mmoja, maana ule mwingine ulikuwa bado umenasa kwenye sketi.

Asubuhi yake baba alikwenda mwenyewe kwa mpiga chapa. Akarudi na tangazo, akalilaza mezani bila kumtazama mtu, jina la ukoo likiwa la kike kama desturi yetu: APOLENA VRBOVÁ, PAMOJA NA KAKA YAKE.

Shangazi akalisoma mara mbili. "Kaka hana jina?"

"Hana," baba akasema. "Mguu anao."