Kofia ya Ina

Kwa miaka ishirini na sita Tungane alipika, akafua, na kila Jumamosi akafagia kanisa la kisiwa cha Rakahanga. Kofia nyeupe za wanawake wote wa kanisa alizisuka yeye, kwa makuti machanga aliyoyachemsha na kuyaanika. Hata ya mdogo wake Ina, aliyemnyang'anya mume.

Jumamosi moja Ina akapiga hodi, mkononi ana kofia iliyotafunwa na panya.

"Dada, kesho nitaingiaje kanisani kichwa wazi?"

"Mume wangu ulimchukua kimya kimya," Tungane akasema. "Leo kwa kofia ndipo umejua kupiga hodi?"

Ina akamnyooshea kofia. Tungane aliitazama ile kofia, kazi yake ya wiki tatu, akaona hawezi kuiacha ioze kwa sababu ya anayeivaa. Akamsukumia ungo wa makuti.

"Kaa uchane. Mimi sikufanyii tena peke yangu."

Ina alichana vibaya, akarudishiwa, akachana upya. Usiku, matundu ya panya yalipokwisha kuzibwa, vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

"Kesho ukae benchi la nyuma," Tungane akamwambia, halafu akampakulia samaki.