Nilimdanganya mama ni ajali, naye akanirefusha kwa mikono yake

Admin, jina langu tafadhali lisionekane, na hata la kanisa letu litoe. Watu wa kwetu wamejaa kwa hii page na sitaki wajue kabla sijaamua nitafanya nini.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, sijaoa. Nina duka la dawa za mifugo Mwingi, lakini saa hii niko kwa mama yangu, nje kidogo ya Kibwezi, kwa sababu siwezi kusimama muda mrefu. Baba alishatuacha. Mama amebaki na mimi na dada yangu aliyeolewa Kabati.

Nilizaliwa mfupi. Mfupi wa mteja kuingia dukani na kuniuliza mimi mwenyewe, "Mwenye duka ako wapi?" Nimefuata mama, yeye pia ni hivyo hivyo. Nilifikiri nimezoea, mpaka siku nilipopeleka wazee kwa kina msichana niliyempenda. Mjomba wake aliniangalia akasema, "Sasa hawa wawili, nani atakuwa akimbeba mwenzake?" Watu wakacheka. Hata yeye msichana alicheka, akaziba mdomo na leso. Sikurudi kwao tena.

Hapo ndipo nilianza kusoma kwa simu kuhusu upasuaji wa kurefusha miguu. Wanakata mfupa chini ya goti, wanafunga vyuma kuzunguka mguu, halafu kila siku unazungusha skrubu kidogo ili mfupa uachane, na kwa lile pengo unaota mfupa mpya. Niliambia watu naenda nje ya nchi kutafuta bidhaa za duka. Nikafanyiwa miguu yote miwili. Nikiwa kwa kitanda huko nikampigia mama. Sisi Wakamba mama tunamwita mwaitu. Nikamwambia, "Mwaitu, nimegongwa na gari." Nilisikia simu ikianguka chini.

Nilirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Ndugu zangu, hakuna mtu alikuwa ameniandaa kwa yale maumivu. Vyuma vinapita kwa nyama mpaka kwa mfupa, na kila tundu lazima lisafishwe lisioze. Mama ndiye alisafisha. Aliniosha, akanibebea beseni ya choo, mimi mwanaume mzima mwenye ndevu. Skrubu zilikuwa zizungushwe mara nne kwa siku na mimi niliogopa kuzigusa, kwa hivyo nikamwambia mama ati daktari amesema zinanyoosha mfupa uliovunjika. Akachukua spana ndogo ya kuzizungushia. Kabla ya kuzungusha alikuwa anafunga macho na kusema, "Bwana Yesu, unganisha mfupa wa mtoto wangu." Halafu anazungusha, na mfupa unaachana zaidi. Mimi nilikuwa najua. Na kila mara nilijibu amina. Mara nne kwa siku, zaidi ya miezi miwili.

Vyuma vilitolewa baadaye Nairobi, na hata huko nilimsihi daktari asiseme kitu mbele ya mama. Sasa natembea kwa magongo. Kisigino cha kushoto hakifiki chini vizuri, siwezi kuchuchumaa, miguu imejaa makovu. Niliongeza inchi mbili na nusu na hakuna mtu ameziona, kwa sababu natembea nimeinama.

Kina mama wa kanisa walikuwa wakija na uji na ndizi, wananiombea hadi wanalia. Pasta akatangaza ibada ya shukrani, na mimi nisimame niseme vile Mungu alinitoa chini ya gari.

Wiki iliyopita mama akatoa suti yangu ya kanisa nijaribu. Suruali zangu zote yeye ndiye huzikata na kuzishona upindo, hajawahi kukosea kipimo. Hii ya suti ilikomea juu ya kifundo cha mguu. Akaivuta chini. Akaivuta tena. Akabaki amepiga magoti pale, kisha akauliza bila kuniangalia, "Ni ajali gani hurefusha mtu?"

Nilimwambia yote. Akauliza,

"Hiyo spana, nilikuwa nafanya nini nayo?"

"Ulikuwa unanirefusha, mwaitu."

Aliangalia mikono yake. Halafu akasema, "Mimi nimekuwa hivi maisha yangu yote. Nimelima hivi, nimewazaa hivi, nimewasomesha hivi. Kumbe ulikuwa unaniona aje?"

Nilivua ile suruali nikampa.

Asubuhi alinipikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wa kunitosha siku mbili, akafunga nguo zake aende kwa dada Kabati. Akiwa mlangoni akaniambia, "Sitakuanika kwa watu. Lakini sitakaa kanisani nikikusikia ukimshukuru Mungu kwa uongo." Jioni dada akapiga simu. "Umemfanyia mama nini? Anakaa tu, haongei." Nikamjibu sijui. Yaani hata baada ya hayo yote, nikadanganya tena.

Ibada ni Jumapili ijayo. Nikisema ukweli, watanicheka kuliko alivyonicheka yule mjomba, na mama atachekwa pamoja na mimi, yeye waliyemsifu kwa maombi yake. Nikisema ni ajali, sijui kama mama atawahi kurudi chini ya paa moja na mimi. Na kuna kitu kinanitia aibu hata kukiandika. Nikiwa peke yangu huwa naweka magongo kando, naegemea ukuta, nasimama wima, na moyo wangu unafurahi. Kidogo tu, lakini unafurahi.

Wale mlio na mama, na wale mliowahi kumkosea mtu aliyewabeba, naomba mnisaidie. Jumapili nikipewa maiki niseme nini? Na mama nitamwambia nini akubali kurudi kwake? Kunitukana mnitukane, nimestahili, lakini mkimaliza mniachie ushauri.