Mama na Magugu

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa kupalilia. Shamba letu la viazi pale Molo ungeweza kulikalia na gauni la kanisa na usichafuke. Kwake, chochote kilichoota bila kupandwa kilikuwa magugu, na dawa ya magugu ni jembe.

Mwaka wa 2007 nilimbembeleza atoe nusu eka ya chini, karibu na kijito kilichokuwa kimeanza kukauka, turudishe miti ya kienyeji. Alikubali shingo upande. Tulipanda miche ya podo na mutamaiyu, nikamwambia, "Mama, hapa sasa tusiguse. Mingine itajiotea, ndege wataleta mbegu."

"Nisiguse? Watu waseme nimekufa?"

Nikaenda kazini Nakuru wiki mbili. Niliporudi, ile nusu eka ilikuwa imefagiwa. Miche yetu imesimama kwa laini, na yote iliyojiotea katikati imelala juani, mizizi nje. Naye anatabasamu, anangoja nimsifu. Nilikasirika hata chai yake ikanishinda.

"Hiyo ilikuwa miti, Mama."

"Kwani nani aliipanda?"

Januari, vita vya uchaguzi vilipozuka, tukakimbia. Kabla ya hapo kulikuwa na maneno sokoni, kwamba watu wa kabila letu ni magugu, tung'olewe. Mama aliyasikia kwa masikio yake, kutoka kwa mwanamke waliyekuwa wakiteka maji pamoja. Alifunga blanketi mbili, tukashuka Nakuru kwa shangazi, tukakaa huko miezi minne.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imebaki kuta tu. Mama hakuiangalia sana. Aliazima jembe kwa jirani, akateremka kijitoni, nami nyuma yake. Nilijua akianza hapo hatabakisha kitu, na mimi sikuwa na nguvu ya kugombana tena.

Nyasi zilitufika kiunoni. Ndani yake mlikuwa mmejaa miche midogo, mutamaiyu na mingine hata siijui jina. Hua wawili wakaruka.

Mama akainua jembe, halafu akalishusha polepole. Akainama, akashika mche mmoja kwa vidole viwili.

"Hii nani aliipanda?"

"Hakuna, Mama. Imejiotea."

Akauachia mche, akasimama.

"Basi iache," akasema. "Hata sisi hakuna aliyetuita turudi."

Akanipa jembe nilirudishe kwa mwenyewe.