Safari ya Nsimire ya Bourgogne

Harufu ya ndizi zinazoivishwa chini ya majani, zikisubiri kukamuliwa kuwa pombe ya kasiksi, ndiyo harufu ya kiangazi kimoja cha utoto wangu kule Miti, kijiji kilicho karibu na Bukavu, nyumbani kwa bibi. Tonton Bahati, mjomba wetu, mdogo wa mama, alikuja likizo kutoka Bourgogne, Ufaransa, alikofanya kazi katika mashamba ya mizabibu. Kila jioni, kikombe cha kasiksi mkononi, alitusimulia mimi na dada yangu Nsimire juu ya nchi ile: mteremko mrefu unaoanzia Dijon na kupita Beaune, ukitazama macheo, vipande vidogo vya ardhi ambavyo watawa wa zamani walivizungushia kuta za mawe, kila kimoja na jina lake, zabibu nyeusi za divai nyekundu na zile za kijani za divai nyeupe, na jinsi mashamba mawili yanayotenganishwa na kijia tu yanavyotoa divai za ladha tofauti. Nsimire aliuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Mimi nilisinzia.

Tonton aliahidi kumchukua mmoja wetu akasome kule, na kila mtu alijua ni Nsimire, aliye mkubwa. Lakini mama alikuwa ameanza kuugua kifua. Asubuhi ya kwenda Bukavu kutafuta pasipoti, Nsimire alisimama mlangoni akiwa bado na nguo za shamba.

“Tonton, mubebe Faida,” akasema, akininyooshea kidole. “Mimi nabakia na maman.”

“Unajua kile unaacha?”

“Najua.”

Nikakimbia kuvaa viatu kabla hajabadili mawazo.

Leo kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwenye mteremko uleule, nikiwaeleza karibu kwa maneno ya tonton. Mama alifia mikononi mwa Nsimire. Mimi niliambiwa kwa simu, nikiwa katikati ya mavuno. Mwaka jana nilirudi Miti na chupa ya divai, nikammiminia dada. Aliinywa taratibu, akauliza imetoka upande gani wa Beaune. Hapo nikashindwa kujizuia, nikamwambia kwamba maisha yangu yote kule yalikuwa yake.

“Nilikuwa naogopa kuruka na avioni,” akasema. “Ni ile tu.”

Alisema haraka mno, huku akiniongezea maharage kwenye sahani. Sikumwamini, wala sikumuuliza tena. Nilihitaji iwe kweli ili niweze kuondoka, nami nikaondoka.