Tabby na Maswali ya Jumapili

Anayetaka kumjua Tabby Wangeci asimuulize umri wala kanisa. Amuulize swali lenye jibu. Mji mkuu wa Mongolia, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, mto gani unamwaga maji Ziwa Baringo. Atajibu kabla hujamaliza, kisha atakuuliza lake, na ukishindwa atacheka mpaka wateja wa saiba yake wageuke kuona kuna nini. Nimemfahamu miaka kumi na minane. Naitwa Hellen, nafundisha hesabu gredi ya sita, na hapa mtaani Munyaka ukuta wangu ndio ukuta wake. Haya nayasimulia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika alama, na kuna sifuri moja niliyoiandika kwa mkono wangu ambayo mpaka leo inaniamsha.

Tabby alizaliwa Moi's Bridge, katika shamba la ekari tano la mahindi, mtoto wa Mungai na Muthoni. Alitaka kuwa mwalimu. Matokeo ya kidato cha nne yakamnyima nafasi kwa alama mbili tu, na mtu aliyekosa kwa alama mbili huumia kuliko aliyekosa kwa ishirini. Akafungua saiba. Huko hujazia watu fomu, hutoa kopi, huwasomea wazee barua za serikali. Watu humwita Madam, naye hujifanya hasikii, lakini mimi namjua, hilo neno linamwingia kama chai ya asubuhi.

Mwaka ule wa korona, makanisa yalipofungwa, alianzisha maswali ya Jumapili kwenye Zoom. Saa kumi jioni, kila mtu na simu yake: kakake Thuo ambaye ni fundi wa magari, binamu zake, marafiki wawili watatu wa saiba, na mimi jirani. Mama yao aliletewa tableti, akafundishwa kuishika wima. Kwa kuwa tulikuwa mchanganyiko wa makabila, tulitumia Kiswahili. Korona ikaisha, maswali hayakuisha. Tabby alikuwa na sheria zake, na sheria kubwa ilikuwa hii: swali la dunia, jibu liko kwenye kitabu, swali la familia, jibu ni lile atakalosema Mama. "Mama ndiye kitabu," alikuwa akisema, na hapo hakuna rufaa.

Ngoja nieleze habari ya lile shamba, maana mambo yote yamelala hapo. Zamani ndugu wawili, Kinuthia na mdogo wake Mungai, walitoka Nyeri wakaja huku, wakachangia hisa katika kampuni ya kununua mashamba. Pesa zilikuwa za wote wawili, lakini hisa iliandikwa jina la Kinuthia peke yake, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyejua kusoma. Baadaye Kinuthia akapata shamba lingine kubwa zaidi, akamwachia Mungai zile ekari tano. Wakachinja mbuzi mbele ya wazee, wakapanda matoka mpakani, yale maua ambayo Mkikuyu hayang'oi ovyo ovyo, na shauri likaisha. Hakuna aliyekwenda kubadilisha hati. Nani angemdai kaka yake karatasi? Kinuthia akafa, Mungai akafuata, Mama Muthoni akaendelea kulima. Kila mtu alijua shamba ni lake. Lakini kwenye hati jina lilikuwa la Kinuthia.

Na Kinuthia aliacha mtoto, Wahome.

Huyu Wahome anaishi Nairobi, na kwa miaka mingi alionekana kwenye mazishi tu. Mwaka juzi akaanza kuingia kwenye maswali. Kamera hakufungua hata siku moja. Kwenye skrini zetu alikuwa mraba mweusi wenye jina, katikati ya nyuso zetu zinazocheka. "Network ya huku ni mbaya, Anti," alimwambia Mama Muthoni, "lakini nakusikia vizuri sana." Tabby alifurahi kupita kiasi. Binamu aliyepotea amerudi! Na Wahome hakuja mikono mitupu: alitupatia akaunti ya ofisi yake, ile ya kulipia, ambayo haikatiki baada ya dakika arobaini. Tangu Jumapili hiyo, kila tukianza, ile sauti ya mwanamke wa Zoom ilitutangazia kwa Kiingereza kwamba tunarekodiwa.

"Ni ya nini?" Thuo aliuliza.

"Ni ya kumbukumbu, bro," mraba ukajibu. "Wazee wetu wanaenda, na hatujaandika kitu."

Nani angebishana na maneno kama hayo? Akajitolea kutunga raundi mpya, Historia ya Familia. Wiki ya kwanza aliuliza ni mbuzi gani alikula hotuba ya pasta siku ya harusi ya Mungai, na Mama Muthoni akasimulia mpaka tukashika mbavu. Wiki ya pili akauliza ni wazee wangapi walishuhudia mbuzi wa shamba akichinjwa, na wangapi wako hai. Mama akawahesabu kwa vidole, watano, kila mmoja na jina la mke wake. Hakuna aliye hai. Wiki ya tatu: je, makubaliano yale yaliandikwa? "Yaliandikwa," Mama alisema, "lakini karatasi iliungua na nyumba, mwaka ule wa shida za uchaguzi."

Usiku ule wa Julai niliyarudia maswali yale matatu kichwani. Kesho yake nilimwambia Tabby kupitia juu ya ukuta, tukianika nguo, "Huyu cousin yako anauliza kama polisi."

"Wacha, Hellen. Mtu akipenda familia yake sasa ni makosa?"

Nikaendelea kuanika. Nilijiambia mambo ya mashamba ya watu wa Mungai hayanihusu mimi mtu wa Chepsaita, wa kabila jingine. Huo ulikuwa uoga, si adabu, na nauita kwa jina lake.

Jumapili ya nne mvua ilikuwa imenyesha, na mabati ya Mama Muthoni yalikuwa yakidondosha matone tuliyoyasikia kwenye simu. Tabby alisoma maswali aliyotumiwa na Wahome, kwa ile sauti yake ya mtangazaji.

"Swali la mwisho, alama kumi. Ni nani alimruhusu Mungai kukaa na kulima shamba la Moi's Bridge?"

Majibu yakaingia kwa maandishi. Wengi walikisia, wengine waliacha. Thuo aliandika: Hakuna. Baba alinunua.

"Thuo anasema Baba alinunua," Tabby akatangaza. "Tusikie kitabu. Mama?"

Mama Muthoni alivuta shuka mabegani. Niliona macho yake yakitafuta kwenye skrini mpaka yakatua kwenye ule mraba mweusi. Ni mama wa adabu za zamani. Mtoto wa marehemu akiwa mbele yako, humtajii nani alilipa pesa, unamtajia wema wa baba yake.

"Ni Kinuthia," alisema. "Mungu amlaze pema. Ndiye alituambia, kaeni hapa, limeni, mle. Bila yeye hatungekuwa na mahali."

"Asante sana, Anti," mraba ukasema. "Unaweza kurudia? Sauti imekatika kidogo."

Sauti haikuwa imekatika. Mama akarudia, tena kwa utaratibu zaidi, kama tulivyomfundisha kuongea na tableti.

"Lakini Mama, na pesa ya Baba je?" Thuo alipaza sauti.

"Thuo, sheria ni sheria!" Tabby alikuwa akicheka. "Jibu ni la Mama. Hellen, mpe Mama kumi. Thuo, sifuri."

"Thuo sifuri," nikasema, na nikaandika.

Jumapili iliyofuata Wahome hakuingia. Iliyofuata pia. Akaunti ya ofisi ikafungwa, tukarudi kwenye zetu za dakika arobaini. Jirani mmoja wa Moi's Bridge alipiga simu kusema kuna watu wawili wamekuja na kamba ya kupimia, wakatembea pembeni mwa mahindi bila kusalimia mtu. Tabby alisema pengine ni watu wa barabara. Sauti yake haikuwa ile ya mtangazaji.

Barua ilifika Januari. Mama Muthoni hakuielewa, akaipiga picha akamtumia msichana wake, kama watu wote wanavyomtumia Tabby barua wasizozielewa. Mimi nilikuwa saiba nikichapisha mtihani. Tabby aliisoma kwenye kompyuta, akairudia, akatoka nyuma ya meza yake akaja kuketi kwenye kiti cha wateja. Ilikuwa notisi ya siku tisini. Mwenye hati, ambaye sasa ni Wahome, alikuwa anamtaka aliyeruhusiwa kukaa aondoke.

"Hellen," alisema, "ni mimi. Ni mimi nilimuuliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, lakini nguo hii tuliivaa wenyewe tukaifunga vifungo. Wahome alipofungua kesi tulimwendea wakili, mwanamke makini anayeitwa Adoyo, ofisi yake iko juu ya duka la viatu mjini. Alitusikiliza, akaitazama ile rekodi ambayo upande wa pili ulikuwa umeipeleka mahakamani, kisha akavua miwani.

"Mtu akikaa kwa shamba zaidi ya miaka kumi na miwili kama mwenyewe, bila ruhusa ya mtu, sheria inaweza kumpatia," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenu, na ilikuwa nzuri. Lakini akikaa kwa ruhusa, yeye ni mgeni. Hata akikaa miaka mia. Njia zingine zinataka shahidi au karatasi, na hapa Mama mwenyewe anasema hakuna shahidi, hakuna karatasi, na alipewa ruhusa. Mara mbili."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia kwamba anaweza kulima kwa jembe hilo miaka hamsini na bado akaitwa mgeni.

"Imebaki mlango mmoja," Adoyo akasema. "Ulikuwa mchezo. Kwa mchezo watu wanasema chochote ili wapate alama. Mama aseme hivyo tu, kwa kinywa chake: nilikuwa nacheza. Jaji akimwamini, hiyo rekodi inaisha nguvu. Asipoisema, sina kitu."

Jumamosi tatu mfululizo Tabby alikwenda Moi's Bridge kumfundisha mama yake sentensi moja. Mara ya mwisho niliandamana naye. Mama Muthoni alikuwa amekaa na ungo wa maharagwe, anapepeta, hatuangalii.

"Mama, wakikuuliza kama ulikuwa unacheza, utasema nini?"

"Nitajibu vile nitakavyoulizwa."

"Mama, tafadhali. Sema tu ulikuwa mchezo. Si ni kweli? Si ulikuwa mchezo?"

"Wangeci, umekula?" mama yake akamuuliza, na hatukupata lingine. Njiani kurudi Tabby alilia bila kujificha. Alisema kama mama yake atakufa katika chumba cha kupanga, basi yeye ndiye aliyemtoa nje, na alimtoa akicheka.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Wahome alikuwepo, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona uso. Ni mtu wa kawaida tu, ana kitambi, ana miwani, na alimsalimia Mama Muthoni kwa mikono miwili. Rekodi ikachezwa kwenye televisheni ya ukutani. Nilisikia kicheko chetu kikijaa chumba kile ambacho hakuna aliyekuwa akicheka. Nilisikia matone ya mvua ya mabati. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Thuo sifuri," na Thuo, aliyekuwa mbele yangu, akainamisha kichwa.

Adoyo akasimama. "Mama, hapo mlikuwa mnafanya nini?"

"Mchezo wa maswali," Mama Muthoni alisema. Tabby alinikamata mkono.

"Kwa hiyo ulipojibu, ulikuwa unacheza?"

Mama aliutazama mkono wake. Alikuwa ameapa kwa Biblia dakika chache zilizopita, na mkono ule ulioshika Biblia alikuwa bado hajaurudisha kwenye shuka. Akatutafuta kwa macho mpaka akampata Tabby.

"Hao walikuwa wanacheza," alisema. "Mimi sikuwa nacheza."

"Mama, fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Tangu baba yao afe, watoto wangu wakipiga simu wananiuliza kama nimekula na kama nimekunywa dawa. Basi. Jumapili ndiyo siku huyu msichana wangu alikuwa ananiuliza kitu ambacho mimi najua. Ningemjibu aje na mchezo? Nilikuwa namjibu mtoto wangu."

Jaji aliandika. Adoyo akaketi. Tabby aliuachia mkono wangu, na nilipomtazama alikuwa akimwangalia mama yake kama mtu aliyepewa kitu na kunyang'anywa kingine kwa wakati mmoja.

Wakili wa Wahome aliinuka nusu, faili lake tayari limefungwa.

"Sina swali," akasema.