Kundi Langu Lilitangaza Janaza Isiyokuwapo

Nimekosa, na nimekosa kwa kiburi. Niliporudi Likoni kutoka Uarabuni watu wa mtaa walinicheka, wakasema sitaanzisha kitu. Wanaorudi huja na televisheni kubwa na hadithi, basi. Mimi nina diploma ya kompyuta, nimeisomea kwa jasho langu. Nikafungua kundi la mtaa mtandaoni, na haukupita muda likawa na watu wa kujaza uwanja wa mpira.

Watu! Wengi wao niliwaunda mwenyewe. Akaunti bandia, zenye picha za mabinti wasiokuwapo, zikipongeza kila kitu. Kuandika nikaacha. Niliiamuru programu itoe upya habari za zamani zilizopendwa, ibandike kama za leo. Wasomaji walizimeza bila kutafuna, nami nikiwacheka.

Asubuhi moja programu ikachagua tanzia ya mwaka uliopita: janaza yatoka leo, nyumbani kwa Bi Zuhura, Mtongwe, baada ya adhuhuri. Jina la marehemu, mumewe, lilikuwa kwenye picha ya tangazo lile la zamani, na safari hii picha haikubandikwa. Huku kwetu maiti hacheleweshwi. Mtu akisikia huvaa akaenda. Na chini ya tanzia akaunti zangu ziliandika, "Hongera sana, endelea vivyo hivyo."

Wanawake wakaingia uani kwa Bi Zuhura wakilia. Yeye alikuwa akichagua mchele. Ana mtoto mmoja tu, Omari, rafiki yangu tuliyepanga naye chumba kimoja huko Uarabuni, naye alikuwa bado huko kazini. Mama akajua aliyekufa ni yeye. Akaanguka.

Omari alipiga simu mwenyewe kumwambia yu mzima. Bi Zuhura akamrudishia jirani simu yake.

"Siku hizi hata sauti hutengenezwa," akasema. "Nileteeni mwanangu nimshike."

Picha ya video nayo akaikataa, na chakula pia. Ikabidi Omari avunje mkataba apande ndege. Kazi ile hairudi.

Nilikwenda kuomba radhi. Omari hakunitukana. Alisimama mlangoni, akaniuliza, "Wewe msomi, katika watu wako wote wale, hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amekufa?"

Hakuna.

Kundi nimelifuta. Walionicheka wamepata cha kusema, na safari hii wana haki. Nanyi mnaofuga majina yasiyo na watu, jisifuni. Siku uongo wenu utakapobisha mlango wa nyumbani kwenu, mtapiga simu mseme mu wazima, na mama atamrudishia jirani simu yake.