Mgongo wa Mshonaji Haukuandikwa

Saa mbili asubuhi, darasa limefurika hadi madirishani. Mhadhiri wa sera za jamii na nadharia ya siasa anabandika bango ubaoni kwa selotepu. Lina picha ya mwanamke anayetabasamu na maneno makubwa: "Ninamuuguza mama yangu kwa moyo mmoja."

"Nani anajua sentensi hii inaishia wapi?" anauliza.

Hangoji jibu, anajijibu mwenyewe.

"Mimi najua, niliisikia kwa masikio yangu. 'Kwa moyo mmoja, lakini mgongo umekwisha, na hakuna anayeniuliza mimi nimekula nini.' Wamechukua moyo, mgongo wakautupa!"

Wanafunzi humwita Mama Ushahidi, maana hoja isiyo na ushahidi haipiti kwake. Kwa kawaida ana utani mwingi. Leo damu imemchemka.

Kwa miaka miwili alipita nyumba kwa nyumba akizungumza na watu wanaouguza ndugu zao. Utafiti uliagizwa na idara ya ustawi, naye akapendekeza watu hao walipwe posho. Idara ikatoa bango hili na muhtasari wenye jina lake, unaosema familia zinauguza kwa furaha na hazihitaji kitu. Wauguzaji wamevishwa kilemba cha ukoka, basi. Wiki ijayo kamati ya posho inakaa, na itakachosoma ni muhtasari huo.

Alipokwenda kulalamika, ofisa mmoja alimjibu, "Dokta, usikuze mambo. Tumefupisha tu."

"Kufupisha gani huko?" anafoka akikumbuka. "Ukimkata mtu kichwa, utasema umemfupisha?"

Mwenye sentensi ile alikuwa mshonaji kabla mama yake hajapooza. Cherehani yake sasa ni meza ya dawa. Mwanamke wa kwenye picha hamjui hata kidogo, ila maneno aliyatambua mara moja, siku alipoliona bango zahanati.

"Nilijua mwalimu ameniuza," anasema bila kuficha. "Nilimpa kiti, nikamwambia hata nisiyomwambia dada yangu. Halafu nakutana na maneno yangu ukutani, nusu haipo."

Mhadhiri alimfuata nyumbani kuomba radhi. Kuonekana amemuuza ndiko kunakomuuma kuliko yote.

"Kila siku nafundisha kwamba siasa ni swali la nani anamsemea nani," anasema. "Kumbe mimi mwenyewe nilimsemea, halafu nikawaachia wengine mkasi."

Baada ya kuganda mlangoni pa ofisi ya kamati siku nzima, amepewa dakika kumi za kuzungumza. Mkuu wake chuoni amemshauri anyamaze, kwani mkataba wake unakaribia kuisha. "Na uishe!" anasema. Dakika zote kumi amempa mshonaji.

Mshonaji alimtazama kama mtu aliyeambiwa aruke. "Na mama nimwache na nani, mwalimu?"

Wakati wote wa utafiti, mhadhiri anakiri, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo.

"Na mimi, dada," alimjibu.

Kwa hiyo siku ya kamati kiti cha mtaalamu kitakaliwa na mshonaji. Mtaalamu atakuwa chumbani kwa mgonjwa, na tayari ameanza kufundishwa kumgeuza bila kumuumiza.

"Aje mapema," anasema mshonaji. "Na asije na viatu vile vya chuoni. Mama ni mzito."